Baba mdogo anataka mwanawe aje kukaa kwetu, nami sipokei simu yake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, mzaliwa wa Rombo, naishi Mabibo, Dar es Salaam, na mume wangu, mtu wa Songea, na watoto wetu wawili. Tumepanga chumba na sebule. Baba alipofariki, baba mdogo ndiye aliyenisomesha kidato cha tano na sita. Sasa anataka binamu yangu aje kukaa kwetu miaka miwili akisomea ufundi umeme. Mume wangu hataki, na mimi mwenyewe sioni atalala wapi. Wiki ya tatu sasa sipokei simu. Juzi kanitumia picha ya kaburi la mama limefyekwa, bila neno lolote. Nikaona ananisimanga. Nyumbani sijaenda tangu tumzike mama, mwaka wa nne huu. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Mabibo*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo picha, maana barua yako nimeirudia mara tatu na kila mara nakwama hapo. Kaburi la mama yako liko kwenye migomba, na mvua ikishanyesha kule magugu hayamsubiri mtu. Miaka minne yote kuna mtu anainama pale na panga. Hukumtuma wala hukumlipa. Mimi sioni masimango. Naona mzee aliyepiga simu mpaka akachoka, akatafuta kitu ambacho binti yake hawezi kukipita bila kukitazama.

Halafu umeandika "binamu". Mtoto wa baba mdogo kawa binamu tangu lini? Huyo ni mdogo wako, na mngekulia kihamba kimoja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ungemwita hivyo bila kufikiri. Mjini tunaanza kuhesabu ndugu kwa idadi ya vyumba, na neno nalo linabadilika mdomoni pole pole. Angalia wanao wasije wakalichukua hilo kutoka kwako.

Wala usidhani anakuona benki. Vihamba vya huko kwenu vimegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, hadi wengine wamebaki na migomba ya kuhesabu. Kahawa iliyosomesha vizazi iliyumba vibaya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, na wengi waliing'oa. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa juzijuzi tu, mwaka 2022. Wewe ulipopita hapo ilitoka mfukoni mwake, pamoja na godoro, ndoo na nauli. Alikutanguliza wewe ili umvute mwenzio. Hayo hayakuandikwa popote, ila wote wawili mliyajua.

Hata hivyo, sitakwambia umpokee kwa miaka miwili. Kijana mkubwa na watoto wawili kwenye sebule moja, mlango wa chumba chenu palepale! Nimeona ndoa zikichakaa hivyo, na kijana naye akaondoka na kinyongo. Mumeo ana haki ya kusema hapana. Kukataa hakuna dhambi. Kinachomuumiza mzee ni simu inayoita hadi inakata.

Usiku huu kaa na mumeo mkubaliane hivi: kijana aje alale sebuleni mwezi mmoja, azoee daladala na chuo. Baada ya hapo ahamie geto na wanafunzi wenzake. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na usijitwishe peke yako. Ndugu zako wa Dar wapo, na lile kundi la ukoo la WhatsApp linaloamka siku ya msiba tu, safari hii liamsheni kwa ajili ya mtu aliye hai. Jumapili ale kwako. Akiumwa, wewe ndiye wa kwanza kupigiwa. Na nakuomba sana, mumeo usimtaje kwenye hiyo simu. Sema "tumeamua". Ukimtupia yeye lawama, ukoo mzima utamshikia mkwe huyo kinyongo mpaka uzeeni.

Nyumbani nendeni. Kama nauli ya Desemba kwa watu wanne ni mzigo, subirini likizo ya Juni, watoto walale kwa babu yao wiki nzima, wanywe mtori, waonyeshwe bibi yao alipolala. Ukifika, mpelekee baba mdogo jani la sale. Wewe Mchaga, huhitaji kuelezwa na mimi kwamba jani hilo linaomba msamaha.

Simu yenyewe piga kesho jioni, akisharudi kukata majani ya ng'ombe. Usianze na habari za chuo. Mwambie picha umeiona, kisha muulize ni nani aliyemsaidia kufyeka.