Mikono ya Njiro, Vidonge vya Kibosho

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazohusu tiba za kuwekewa mikono, zile ambazo wenyewe huziita tiba za nishati. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake limo jambo la haraka kuliko lile aliloliuliza mwandishi wake.

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu ana umri wa miaka 63, anaishi Kibosho, na kwa muda mrefu amekuwa akisumbuliwa na maumivu ya kiuno pamoja na presha. Kwa miezi miwili sasa, dada yangu anayeishi Arusha amekuwa akimchukua kila wiki na kumpeleka Njiro kwa mama mmoja anayetoa tiba ya nishati iitwayo Reiki. Mgonjwa hulala kitandani akiwa na nguo zake, na yule mama humwekea mikono taratibu kichwani, mabegani, tumboni na miguuni kwa muda wa saa nzima, bila kumchua wala kumpaka chochote. Kila mara tunalipa shilingi 40,000. Mama anasema kiuno kimepoa na usingizi umerudi, na kwa sababu anajisikia vizuri ameacha vidonge vya presha. Mzee wa kanisa letu anasema hayo ni mambo ya giza, na dada anasema ni sayansi ya Wajapani. Ukweli ni upi?
*Binti wa Kibosho, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za mikono, lakini mimi nitaanza na vidonge. Mpeleke mama yako kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye kesho asubuhi, apimwe presha baada ya kukaa ametulia kwa dakika tano, na amweleze mhudumu bila kuficha ni lini alimeza kidonge cha mwisho. Asijipangie dozi mwenyewe, na hasa asimeze viwili viwili ili kufidia alivyoviacha. Zipo dawa za presha ambazo zikikatizwa ghafla huifanya presha ipande kwa kishindo kuliko ilivyokuwa kabla ya matibabu. Akipatwa na kichwa kinachouma kupita kiasi, maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kumtoka kwa shida, hiyo si safari ya zahanati tena bali ya hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nasisitiza hivyo kwa sababu presha iliyopanda kwa kawaida haimjulishi mwenyewe. Mtu aliyefika 170 kwa 100 anaweza kukata majani ya ng'ombe, kuimba kwaya na kulala fofofo, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo cha presha. Kipimo ni mashine. Ni kweli kwamba mtu akilala mahali palipotulia kwa saa moja presha yake huweza kushuka kidogo, lakini utulivu huo hupungua anapopanda basi la kurudi Moshi, wakati kidonge hufanya kazi mchana na usiku.

Sasa nije kwenye swali lako. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui, ambaye inaelezwa kwamba mwaka 1922 alifunga na kutafakari katika mlima Kurama, karibu na Kyoto, akashuka na mafundisho hayo. Aliyeitoa nje ya Japani ni Bi. Hawayo Takata, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, aliyekwenda Japani mwaka 1935 akiwa mgonjwa, akatibiwa na kufundishwa katika kliniki ya Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui, kisha akarudi nayo Hawaii mwaka 1937. Wafuasi wa Reiki wanaamini kwamba katika mwili hupita nguvu ya uhai, ambayo Wajapani huiita ki, kwamba ugonjwa huja nguvu hiyo inapopungua au kuziba, na kwamba mikono ya mganga huwa mfereji wa kuirudisha. Kwa hiyo dada yako yuko sahihi kuhusu Wajapani. Kuhusu sayansi, hapana.

Nguvu inayodaiwa kupita katika mikono haijawahi kupimwa na chombo chochote, na pale watu walipojaribiwa kama kweli wanaihisi, walishindwa. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa Marekani na mtoto wa kike wa miaka 9, Emily Rosa, kwa ajili ya mradi wa sayansi shuleni. Hakuwajaribu watu wa Reiki bali ndugu zao wa karibu, watoaji wa tiba iliyoanzishwa New York miaka ya 1970 na muuguzi Dolores Krieger pamoja na Dora Kunz, ambayo huitwa mguso wa tiba ingawa mikono haimgusi mgonjwa, hupitishwa tu juu ya mwili kwa umbali wa sentimita chache. Watoaji 21 wa tiba hiyo waliingiza mikono katika matundu ya ubao uliowazuia kuona, naye Emily akasogeza kiganja chake juu ya mkono wao mmoja, wa kulia au wa kushoto, kisha akawauliza ni upi. Katika majaribio 280 walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu angetarajiwa kupata kama 140. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, Emily akiwa na miaka 11.

Hata hivyo, sitaki kusema kwamba mama yako anadanganya au kwamba amerogwa akili, kwa maana nafuu anayoieleza naiamini. Mwaka 2011 wauguzi wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 189 waliokuwa wakipata dawa za saratani kwa dripu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida peke yake, la pili likawekewa mikono na mtaalamu wa Reiki, na la tatu likawekewa mikono na mtu ambaye hakuwa na mafunzo yoyote ya Reiki, aliyeigiza tu. Makundi mawili yaliyowekewa mikono yalipata faraja zaidi kuliko lile la huduma ya kawaida, lakini kati ya mtaalamu na mwigizaji hapakuonekana tofauti ya maana. Ukiniuliza, utafiti huo unajibu nusu kubwa ya barua yako: mkono unafariji, na hauhitaji kufunguliwa njia yoyote ya nguvu ili ufariji.

Tena hebu ihesabu vizuri wiki ya mama yako. Mwanamke wa Kibosho mwenye miaka 63 huinama shambani, hukata majani na kuyabeba kichwani akipanda mteremko, hupika, na pengine analea wajukuu. Siku anayopelekwa Njiro anakaa kwenye basi, anapokelewa na binti yake, analazwa kwenye kitanda safi, anasikilizwa na mtu asiye na haraka, na nadhani analala hukohuko kabla ya kurudi. Ng'ombe, bila shaka, anapewa majani na mtu mwingine. Kiuno kilichopumzishwa mzigo wa majani siku mbili kila wiki kwa miezi miwili kina kila sababu ya kupoa. Zaidi ya hayo, maumivu ya kiuno yana desturi ya kupanda na kushuka yenyewe, nasi humtafuta mganga yanapokuwa kileleni, kwa hiyo yeyote tuliyemwendea wakati huo huonekana fundi.

Kuna kiuno kisichopaswa kusubiri mikono ya mtu. Ikiwa mama yako amepungua uzito bila sababu, anatoka jasho usiku, ana homa za mara kwa mara, aliwahi kuugua saratani, au maumivu hayapungui hata akilala, achunguzwe hospitali, kwa kuwa kifua kikuu hakikai kifuani tu, huingia pia katika pingili za uti wa mgongo, na matibabu yake katika vituo vya serikali hayalipiwi. Ikiwa miguu inakufa ganzi au inalegea, au haja ndogo inamponyoka au imeziba, aende siku hiyohiyo. Hospitali za KCMC na Mawenzi haziko mbali na Kibosho.

Kuhusu mzee wa kanisa, mimi si mwalimu wa dini. Nitakujulisha tu kwamba mwaka 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa mwongozo wakisema Reiki haifai kutolewa katika taasisi za Kikatoliki, kwa hoja kwamba haina uthibitisho wa kisayansi wala haitokani na imani ya Kikristo. Huo ni mwongozo wa nchi nyingine. Paroko wenu ndiye wa kuwaeleza zaidi.

Je, aendelee? Kama fedha ipo, vidonge vinamezwa na kiuno kimechunguzwa, simwoni yule mama wa Njiro kuwa adui, kwa sababu mikono iliyotulia juu ya nguo haimdhuru mtu. Lakini siku atakapomwambia mama yako aache dawa, au aongeze safari kwa kuwa kuna njia mpya iliyoziba, msirudi. Sisi wa mikoa hii tuliona mwaka 2011 foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, na haikuwa bei iliyowatia wauguzi hofu, bali wale waliorudi nyumbani na kuweka pembeni dawa za sukari, za presha na za kufubaza virusi. Shilingi 40,000 kwa wiki ni 160,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo, mimi ningemlipa kijana wa kukata majani, nikanunua na mashine ya kupimia presha.

SWALI: Habari za kazi, Mama. Mimi ni kijana wa Ngaramtoni, niliwahi kuwa mpagazi mlimani. Nimeelezwa kuhusu kozi ya siku mbili ya tiba ya nishati itakayonipa cheti cha ngazi ya kwanza, na baadaye ngazi ya pili ambayo mtu huweza kumtibu mgonjwa aliye mbali. Ada ni shilingi 350,000. Watalii wanapenda mambo haya. Je, ni ajira nzuri?
*Kijana wa Ngaramtoni, Arusha*

JIBU: Nzuri, mwanangu. Ni kweli kwamba wapo watalii wanaotafuta huduma hizi, na ni kweli pia kwamba Reiki hufundishwa kwa ngazi, ya pili ikiwa na alama maalumu zinazodaiwa kumfikisha mganga kwa mgonjwa asiyekuwapo. Ngazi hiyo siwezi kukushauri uilipie. Kama katika jaribio la Emily nililolieleza juu mkono ulio sentimita chache kutoka kwa mwenzake haukutambulika, sioni utafikaje Dar es Salaam.

Cheti cha siku mbili hakikupi ruhusa ya kutibu. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo iliunda Baraza linalosajili watoa tiba hizo, na njia ya kwenda kuulizia usajili huanzia kwa mganga mkuu wa wilaya au halmashauri yako. Uliza huko kabla hujatoa hata senti. Ukiona mwenye kozi hapendi uulize, umeshapata jibu.

Kama unachokipenda hasa ni kutumia mikono kuwapa watu nafuu, kuna ufundi wa kuchua, ambao mpagazi aliyekwisha kubeba mizigo anauelewa kwa misuli yake mwenyewe, na wateja wake wapo, wale watalii ambao siku wanayoshuka mlimani hawawezi kushuka ngazi za hoteli. Kama una vyeti vya masomo ya sayansi, Moshi pale KCMC hufundishwa fiziotherapia. Ni miaka, si siku mbili, lakini mtu wake huajiriwa hospitali.

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, na sasa tunamuuguza nyumbani Machame. Hatuna fedha za watu wa tiba hizi za mikono. Je, mimi mwenyewe naweza kumshika na kumpapasa, au nitamdhuru?
*Mwana wa Machame*

JIBU: Marahaba, baba, na pole kwa kuuguza. Mshike. Katika ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mguso mwepesi unaotembea polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, na huo ndio mwendo ambao mama hutumia kumbembeleza mtoto bila kufundishwa. Mpapase mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole kwa mwendo huo, robo saa asubuhi na robo saa jioni, huku ukizungumza naye, na usiuache ule upande uliolegea kana kwamba si wake.

Mambo machache uyaogope. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, kwa kuwa bega lisilo na misuli ya kulishikilia huachia. Ukiona muundi mmoja umevimba, una joto na unauma kuliko mwingine, usiuchue kamwe. Huenda damu imeganda ndani, na kipande kikinyofoka huenda hadi kwenye mapafu, hivyo mpeleke hospitali. Pale ngozi inapokuwa nyekundu au nyeusi kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo usisugue, bali mgeuze, na kwa jumla asikae ubavu mmoja zaidi ya saa mbili. Mafuta ya nazi yanatosha. Ila pasha viganja vyako joto kwanza, maana asubuhi za Machame mwezi wa saba unazijua.