Mizani kwanza, kipimio baadaye: kwa anayeanza kujaza maganda ya risasi

Msimu wa kulungu ukikaribia huku Pennsylvania, simu yangu haikosi swali hili: "Kaka, presi nimenunua, maganda nimeokota ya kutosha, sasa ninunue kipimio gani cha baruti?" Nami huuliza: mizani unayo? Hapo ndipo mtu anapokohoa kidogo.

Kujaza maganda ni kuchukua ganda lililokwisha kupigwa, kulitia fataki mpya, baruti na kichwa kipya, yaani kile kipande kinachoruka, ili lipigwe tena; presi ndiyo mashine ya kazi hiyo. Nimejaza maganda kwenye besmenti yangu, chumba cha chini ya nyumba, miaka kadhaa sasa, ya bastola ya .38 Special na ya bunduki ya .30-06. Sijawa fundi mkubwa. Ila nimeshakosea makosa ya kutosha kumsaidia mwenzangu asiyarudie, na mengi yalitokana na kununua vifaa kwa mpangilio wa kinyume.

Kabla hujatoa hata dola moja, angalia karatasi zako. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni, lakini ukianza kuuza unahitaji leseni ya utengenezaji. Aliye hapa kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, ila akiingia kwenye misamaha michache, kama ule wa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hahusiki na katazo hilo. Majimbo nayo yana ya kwao. Na wewe unayesoma ukiwa Tanzania au Kenya, haya yawe ya kusoma tu, maana huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Sasa tuje kwenye mizani.

Bibi yangu Tanga alipima mchele kwa kibaba. Mwenye duka alipima kwa ratili. Ukimpelekea mwenye duka vibaba viwili, kimoja cha mchele mkavu na kingine cha mchele uliopata unyevu, mizani yake ingetoa majibu mawili. Kibaba hupima nafasi, mizani hupima uzito, na ugomvi wote wa baruti umo humo. Vipimo vinavyotolewa na watengenezaji wa baruti ni vya uzito, kwa greni. Kipimio, kile kifaa chenye ngoma na mkono wa kuzungusha, ambacho kila mgeni wa kazi hii hukitamani kwa sababu kinapendeza kwenye video, ni kibaba. Hakijui uzito. Unakirekebisha kwa skrubu mpaka mizani ikubali, halafu unakiamini kwa muda, huku ukirudi kwenye mizani kila baada ya maganda kumi. Bila mizani, ngoma hiyo ni pambo la mezani.

Mzee aliyekulia na gobore atakwambia baruti hupimwa kwa kichupa au kipembe, na hajakosea, maana baruti nyeusi ya zamani hupimwa hivyo. Hii ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingine kabisa. Usiipime kwa mazoea ya gobore, na usithubutu kuiweka ndani ya gobore.

Greni ni kitu kidogo mno. Ratili moja ina greni 7,000, na gramu moja ina greni 15.43. Kwa hiyo mizani ya jikoni inayohesabu gramu nzima inaruka greni kumi na tano kwa hatua moja, na ganda dogo la bastola huenda likataka greni nne au tano tu kwa jumla. Wengine hukimbilia vile vimizani vya mfukoni vya masonara, vinavyosoma sehemu ya mia ya gramu. Hesabu tena: sehemu moja ya mia ya gramu ni kama greni 0.15. Kwenye kipimo cha greni nne, hiyo ni karibu asilimia nne, hata kabla mizani yenyewe haijakosea. Mizani ya baruti inatakiwa isome greni 0.1. Kwenye ganda la .30-06 linalobeba greni hamsini hivi, tofauti ya 0.1 huioni hata kwenye shabaha. Kwenye bastola ndiko inakouma, na ndiko wageni wengi wanakoanzia.

Mizani ipi? Mimi husema ya mkono, ile ya kizamani yenye kitanga upande mmoja na jiwe la kusogeza upande wa pili. Yangu ni RCBS 5-0-5, niliyoinunua ikiwa imetumika. Mkono wake una kisu chini, na kisu hicho hukaa juu ya vijiwe vya akiki, kisha sumaku huutuliza usiendelee kubembea mpaka kesho. Haina betri na haihitaji kupashwa moto. Ikikosea, mara nyingi ni kwa sababu unayoiona kwa macho: vumbi kwenye akiki, meza iliyoinama, au wewe kuisoma ukiwa umesimama badala ya kuinama macho yako yakawa sawa na mshale. Ya kampuni ya Lee ni ya bei nafuu zaidi na inahisi hata tofauti ndogo, ila mwisho wake ni greni 100 na kuisoma kunataka subira ya mvuvi. Kama mfuko haujatuna, chukua hiyo bila aibu.

Ya elektroniki sina ugomvi nayo, ninayo pia. Lakini acha nikusimulie usiku mmoja wa Julai. Joto la besmenti lilikuwa limenishinda, nikawasha kiyoyozi, nikakaa kujaza. Namba zilikuja safi. Ganda la thelathini hivi, nikainua kitanga kitupu kukipangusa, na kioo kikaonyesha hasi ya namba nisiyoitambua. Asubuhi nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kwamba kitanga kikiondolewa husoma hasi kiasi fulani. Sasa ilikuwa imehama kwa greni 0.4. Upepo wa kiyoyozi ulikuwa unagusa kitanga kutoka juu, na mizani yenyewe ilikuwa imepoa tangu niiwashe. Nilimwaga maganda yote thelathini na kuanza upya, saa sita usiku. Karatasi ile ndiyo iliyoniokoa.

Kwa hiyo ukinunua ya elektroniki, iwashe nusu saa kabla ya kazi. Iweke mbali na feni, simu na taa za mirija. Andika uzito hasi wa kitanga kilichoondolewa, na uutazame kila mara. Siku za baridi kavu, umeme tuli hufanya punje zing'ang'anie plastiki na namba zicheze. Karatasi laini ya kulainishia nguo kwenye mashine ya kukaushia, ukipangusa nayo faneli na kitanga, hutuliza hali hiyo. Mke wangu hushangaa zinakoishia.

Nunua pia mawe ya kupimia, yale madogo ya kuhakiki mizani. Watu huyaruka, wakidhani mizani mpya haidanganyi. Chagua yanayokaribia uzito unaoujaza, kwani mizani inaweza kuwa sahihi kwenye greni hamsini na ikapotoka kwenye tano. Nikiwa sina hayo mawe, nilitenga kichwa kimoja cha risasi, nikakifunga kwenye kikopo peke yake, nikakipima kila siku ya kazi. Hakikuniambia ukweli kamili, lakini kiliniambia kama kuna kilichobadilika tangu jana.

Ukishakuwa na mizani, ndipo uzungumzie cha kuchotea. Cha bei nafuu kabisa ni vijiko vya plastiki vya Lee, seti ya ukubwa mbalimbali. Vinadharauliwa sana, na mimi nimejaza maganda mengi kwavyo. Siri yake ni mkono: zamisha kijiko wima, baruti imwagike yenyewe ndani, inua, pitisha kadi juu kusawazisha. Usitikise wala usigonge, kwa sababu ukitikisa punje hukazana na uzito unapanda. Ukichota kwa namna ile ile kila mara, kijiko na mizani vinakutosha mwaka mzima wa kwanza.

Ngoma ni hatua inayofuata, na hapo aina ya baruti ndiyo inayoamua. Kuna baruti ya punje za mviringo, nyeusi na ndogo kama mbegu za mchicha. Hiyo humiminika kama maji na ngoma huipenda. Kuna ya vijiti, kama tambi zilizokatwa vipande vidogo sana, ambayo H4350 na Varget ni mifano yake. Vijiti hivi hukwama kwenye mdomo wa ngoma, na ukizungusha mkono unasikia "krch" kiganjani. Umekata vijiti. Usilazimishe, rudisha mkono, mwaga kipimo hicho, chota kingine. Kwa vijiti mimi huchota pungufu kidogo, kisha namalizia kwenye kitanga kwa kile kimrija kinachodondosha punje moja moja ukikizungusha. Halafu kuna ya magamba, kama Unique, na hiyo ndiyo iliyonitia adabu.

Magamba hujenga daraja. Yanashikana juu ya tundu, ngoma inapita nusu tupu, na wewe huku umeshazoea mdundo wa mkono husikii tofauti. Kinachofuata, daraja linavunjika na ganda la pili linapata zaidi ya haki yake. Nilikuwa nachota na kukandamiza kichwa hapo hapo, ganda baada ya ganda, bila kuchungulia. Siku ya shabaha nikapiga bastola ikatoa "pff", kama mtu aliyepuliza mshumaa. Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kuvuta tena, mzee wa kibanda cha pili akanipigia kelele: simama! Tukafungua, tukapitisha kijiti cha mbao. Kichwa kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Risasi ya pili ingekikuta pale, na bastola ingeweza kupasukia mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo nina kibao chenye matundu hamsini. Maganda yote husimama humo, yanajazwa baruti, kisha napita na tochi juu yake kabla kichwa hata kimoja hakijawekwa. Huhitaji kupima tena. Jicho linaona ganda lenye kimo tofauti kama unavyoona kikombe cha chai ambacho hakikujaa. Kibao hicho ni rahisi kuliko kila kitu nilichokitaja, na ukiwa na drili unajitengenezea. Kwa .38 Special hakina mbadala. Ganda lile ni la mwaka 1898, zama za baruti nyeusi, kwa hiyo tumbo lake ni kubwa kuliko linavyohitaji leo. Baruti za kasi hujaza sehemu ndogo tu ya ndani, na kipimo maradufu huingia bila kumwagika. Ukiweza, chagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili maradufu ijitangaze yenyewe kwa kufurika.

Mashine zinazojimiminia na kujipimia, kama ChargeMaster, ni nzuri kwa mwenye kujaza ya bunduki kwa wingi. Ni mamia ya dola, na ndani yake kuna mizani ya elektroniki yenye tabia zile zile nilizozisema. Mgeni hafaidiki nayo sana.

Kuhusu baruti yenyewe: mkebe mmoja tu mezani kwa wakati mmoja. H4350 na IMR 4350 zina namba moja na ni baruti mbili tofauti, kila moja na vipimo vyake. Ukimaliza kazi, mwaga iliyobaki kwenye ngoma irudi kwenye mkebe wake ule ule, siku hiyo hiyo. Ukiiacha, kesho hutakumbuka ni ipi, na baadhi yake hula plastiki mpaka ikawa na ukungu. Baruti usiyoijua jina haitumiki, hata ikiwa nusu ratili. Anza chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa, kwa kawaida asilimia kumi, na upande taratibu, ila baruti ambazo mtengenezaji amekataza kupunguzwa hivyo, kama H110, ufuate maelezo yake.

Juzi kijana mmoja kati ya hao wanaonipigia kanitumia picha. Amenunua mizani ya mkono, ameiweka mezani, kibao cha matundu kiko kando, mkebe mmoja. Nimefurahi. Nyuma yake, kwenye rafu, feni inazunguka. Nimemjibu aizime, kisha anitumie picha nyingine.