Kwa Mnaoanza Kubeba Bastola: Mnajiumiza Bure

Mimi husimamia usalama kwenye mstari wa kufyatulia risasi katika uwanja wetu wa shabaha hapa Mombasa, na kila wanapokuja wanachama wapya huyaona yale yale. Mtu amepita mahojiano na uchunguzi, amechukuliwa alama za vidole, amepewa kadi yake na Bodi ya Leseni za Silaha, amelipa fedha nyingi kwa bastola ya Glock 19 iliyo mpya kabisa, kisha amekwenda kununua holsta, yaani ala ya kubebea bastola mwilini, ya kitambaa na ya bei ya chini na kuibana kwenye mkanda aliouvalia siku ya harusi yake. Baada ya juma moja anatembea kama mwenye jipu, anajigusa nyonga kila hatua chache, na watu wote wa kahawani wameshajua amebeba nini. Mwezi wa pili ukiingia, bastola imehamia kwenye kisanduku cha gari, au chini ya kiti, au kwenye droo ya duka isiyo na kufuli, kwa sababu mwenyewe amechoka kuumia.

Ninawapenda, wanangu, lakini mnanichosha. Wengi wenu mnadhani kustareheka ni anasa, na kwamba mwanamume hasa hustahimili chuma kinachomchoma mbavuni. Ukweli ni kwamba silaha inayokuumiza utaivua, na hatari zote nilizoziona kwa miaka mingi zilianza pale mtu alipoivua mahali pasipo sefu. Kwa hiyo, yasomeni haya kama masuala ya usalama.

1. Anzeni na mkanda. Glock 19 yenye magazini (kasha la risasi) kamili ya risasi 15 hukaribia gramu 850, na bastola ya Ceska 75 ya chuma hupita kilo moja ukiijaza. Mkanda laini ukibebeshwa uzito huo hujikunja, mpini wa bastola huegemea nje, nawe huukaza mkanda hadi tumbo likuume, kisha unailaumu holsta. Tafuta mkanda mgumu wenye upana wa milimita 38, au mpelekee fundi wa ngozi akushonee tabaka mbili pamoja, na ununue suruali iliyo kubwa kwa saizi moja ikiwa bastola itakaa ndani yake.

2. Chagueni mahali mwilini kwa kufuata maungo yenu, na msimwige mtu mliyemwona kwenye video. Ukiufikiria mwili wako kuwa uso wa saa ya ukutani, kitovu kikiwa kwenye namba 12, wabebaji wengi wa mkono wa kulia huiweka bastola kati ya namba 3 na namba 4, au mbele karibu na namba 1. Mahali pa nyonga humfaa anayesimama na kutembea kutwa nzima, lakini mpini hujitokeza kila unapoinama kuokota kitu. Mbele huficha vizuri zaidi chini ya shati lililoachwa nje, na mkono huifikia bastola hata ukiwa umeketi, ila mtutu unatazama sehemu ambazo hakuna mtu angependa kuzipoteza, kwa hiyo asiye na nidhamu ya kuweka kidole mbali na traiga, yaani kifyatulio, asipaguse mahali hapo.

Mimi nina kitambi kilichojengwa kwa mahamri na mbaazi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mbele si mahali pa watu wa umbo langu. Kumbe kosa lilikuwa la holsta fupi mno. Kinachoonekana chini ya nguo ni mpini, wala si mtutu. Holsta yenye urefu wa kutosha chini ya mkanda huizuia bastola isipinduke kuelekea nje, na ukibandika kipande cha sponji upande wa mwilini, karibu na ncha ya chini, mpini husukumwa uingie tumboni na ile ncha huacha kukudunga. Sponji yangu niliikata kutoka kwenye kandambili kuukuu, na bado inafanya kazi.

Uti wa mgongo sipendekezi kabisa. Ukianguka kutoka kwenye bodaboda, utaangukia chuma kwa mfupa. Kifundo cha mguu ni mahali pa bastola ya pili, na wengi wenu hata ya kwanza hamjaimudu. Holsta ya kwapani inahitaji koti juu yake, na anayevaa koti hapa wakati wa kaskazi amekwisha kujitangaza.

3. Holsta ifunike traiga yote, mdomo wake ubaki wazi bastola inapotoka, na iishike bastola hata ukiipindua juu chini ikiwa tupu. Yangu ni ya kaidexi, ile plastiki ngumu inayofinyangwa kwa joto, kwa sababu ngozi hapa pwani hunywa jasho, hulegea, na mdomo wake ukishakunjika unaweza kuingia kwenye traiga wakati wa kurudisha bastola. Wanaopenda ngozi waikague kila juma na wawe tayari kuitupa.

4. Msiivue njiani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu somo hili nililipata kwa aibu ambayo sijaisahau.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilibeba Ceska katika holsta ya kitambaa yenye klipu kubwa, upande wa kulia, ndani ya suruali iliyonibana. Kazi yangu ilinipeleka Changamwe asubuhi na kunirudisha Nyali jioni, na anayeijua foleni ya Daraja la Nyali wakati watu wanapotoka kazini anajua muda ambao mtu anaweza kukaa kwenye kiti bila kusogea. Kishikio cha bastola kilinichoma ubavuni, nyundo yake ikinikwaruza ngozi. Mwanzoni nilikuwa nikiitoa na kuiweka chini ya paja, kisha nairudisha kabla ya kushuka. Baadaye niliona paja nalo linauma, nikawa naiweka kwenye mfuko wa mlango. Mwishowe nikaizoeza kukaa chini ya kiti, ikiwa ndani ya kitambaa chake, na risasi moja chemba, tayari kufyatuliwa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeibeba asubuhi. Kila hatua niliiona ndogo, na kila moja niliifanya kwa sababu ya maumivu. Hakuna siku niliyoamua kuwa mzembe.

Jumamosi moja nilipeleka gari kuoshwa, nikawaachia vijana ufunguo, nikaketi kivulini na kuagiza dafu. Nilikuwa nimelinywa nusu niliposikia kijana mmoja akiita, kwa sauti ya mtu aliyeokota sarafu, “Mzee, hii ni yako?” Alikuwa ameshatoa mazulia, ameingiza mkono chini ya kiti, na kile kitambaa kilikuwa kimebaki sakafuni. Bastola ilikuwa mkononi mwake, kidole chake kikiwa pale ambapo kidole cha mtu asiyefunzwa huenda chenyewe. Nyuma yake alikuwepo mwenzake aliyeinama akisugua tairi, na mbele ya duka la jirani walikuwepo watoto wakicheza.

Sikupiga kelele, na hilo ndilo jambo la pekee nililolifanya sawasawa siku hiyo. Nilimwambia taratibu, “Mwanangu, usiigeuze. Toa kidole chako nje. Ilaze juu ya kiti, mdomo wake ukitazama mbele, kisha urudi nyuma.” Alifanya hivyo, akitabasamu, kwa kuwa alidhani ni ile ya mchezo. Nilipoichukua na kuitoa risasi iliyokuwa chemba, akaiona ikiangukia kiganjani mwangu, tabasamu likamtoka, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakuosha gari jingine asubuhi hiyo. Nilimwomba radhi. Hakunijibu, na sikuwa na haki ya kudai jibu.

Sheria inamtaka mwenye cheti aitunze silaha isimfikie mtu asiyeruhusiwa, na cheti chenyewe huhuishwa kila mwaka mbele ya watu wenye uwezo wa kukifuta, kwa hiyo ningestahili kukipoteza. Lakini hilo ni dogo nikikumbuka wale watoto. Jioni nilimweleza mzee mmoja aliyenitangulia katika mambo haya, nikitarajia anikaripie kwa kusahau. Hakugusia kusahau. Aliniambia nivae ile holsta mbele yake na niketi kwenye kiti cha gari lake. Alinitazama nikijipinda kwa dakika kadhaa, akaifungua kutoka kiunoni mwangu, akatoka, akaitia kwenye pipa la taka. “Ulikwisha kuiacha bastola yako,” akasema, “tangu ulipoinunua hii.” Alinilazimisha nisibebe kitu chochote hadi nipate holsta ninayoweza kuivaa tangu asubuhi hadi usiku bila kuigusa, na ilinichukua muda.

Kwa hiyo ninapomwona mmoja wenu akitoa bastola kwenye maegesho na kuisukuma chini ya kiti, msishangae nikipandisha sauti. Anayekwenda mahali asipoweza kuingia na silaha aiache kwenye sefu nyumbani. Akilazimika kuivua, aivue pamoja na holsta yake, traiga ikiwa imefunikwa, na aiweke kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya kwenye mwili wa gari.

5. Joto na mavazi. Shati pana la kitenge au lolote lenye maua linaficha kuliko fulana ya rangi moja, kwa kuwa michoro huvunja umbo la kilicho chini yake. Vaeni singlendi nyembamba kati ya holsta na ngozi, la sivyo jasho litawachubua.

Kanzu ni mtihani. Kikoi hakibebi holsta, kwa hiyo aliyevaa kanzu huhitaji suruali yenye mkanda ndani yake, au ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka tumbo, na hata hapo atalazimika kuipandisha kanzu yote kabla ya kuifikia bastola, isipokuwa fundi amemwachia mpasuo wa pembeni. Isitoshe, ukirukuu kanzu hujibana kiunoni, na aliye safu ya nyuma yako anauona mpini wote badala ya kushughulika na sala yake. Mimi siku ya Ijumaa bastola yangu hubaki kwenye sefu.

Dada zetu msiweke bastola kwenye mkoba wa mkononi, kwani mkoba ndicho kitu cha kwanza ambacho mnyang'anyi wa pikipiki huondoka nacho. Maungo ya mwanamke pia huusukuma mpini kuelekea mbavuni ukiuweka nyongani, jambo ambalo mafundi wengi wa holsta hawalifikirii. Mwanachama mmoja wetu, ambaye hunishinda kila mara tunapofyatua pamoja, alihangaika na nyonga hadi akachoka, akahamia kwenye mkanda wa tumbo wenye ganda gumu juu ya traiga, chini ya buibui linalofunguka mbele kwa vifungo vya kubana. Tangu hapo sijamwona akijirekebisha.

6. Garini, msizifuate video za Marekani bila kufikiri. Kule usukani uko kushoto, na kifungo cha mkanda wa kiti cha dereva kinakaa kwenye nyonga yake ya kulia, juu ya bastola. Nusu ya ushauri wao unahusu kero hiyo. Kwetu kifungo kiko kushoto, na kinachokubana upande wa kulia ni mlango na mkanda unaoshuka pajani. Fungeni mkanda wa kiti kwanza, kisha vuteni upindo wa shati ulale juu yake. Anayebeba kwa mkono wa kushoto ndiye atakayefaidika na zile video. Kwenye tuktuk na matatu, keti upande ambao nyonga yenye bastola itakuwa ukutani badala ya kuwa kwa jirani.

7. Hewa yetu ina chumvi na jasho nalo lina chumvi. Ifute bastola kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na uzitazame risasi nazo.

8. Mlangoni. Kwenye maduka makubwa ya Nyali, kwenye kivuko, na kwenye stesheni ya Miritini, kifaa cha mlinzi kitalia, na hapo ndipo wageni huharibu: wanainua shati. Usiinue shati, usipeleke mkono kiunoni. Mwambie mlinzi kwa sauti ya chini kwamba una silaha yenye leseni, mwonyeshe kadi kwa mkono mwingine, na ufuate atakachokuelekeza, hata kama ni kurudi nyumbani.

9. Jaribuni nyumbani kwanza, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Keti kwenye kiti cha ofisi, chuchumaa, panda ngazi, mbebe mtoto, nenda msalani. Msalani hasa, kwa kuwa mkanda ukilegea bastola huanguka, na watu huitundika au kuiweka juu ya tangi la maji kisha huondoka bila hiyo. Iache ndani ya holsta, na ukiketi uiingize katikati ya suruali iliyoshuka, mahali ambapo huwezi kusimama bila kuishika.

Usitegemee kupata holsta ya kudumu kwa ununuzi wa kwanza. Kila mbebaji mzoefu ana droo iliyojaa zile zilizomshinda, nami ninayo yangu, yenye za Glock na za Ceska, za mkono wa kulia na moja ya kushoto ambayo hata sijui niliipataje. Anayetaka kuzijaribu kabla ya kutoa fedha zake aniulize uwanjani baada ya mazoezi. Aje na mkanda wake mwenyewe, na bastola tuikague pamoja mezani kwamba ni tupu kabla hajagusa holsta hata moja.