Hadi Arusha: saa mbili, masaa mawili au lisaa na nusu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nakatisha tiketi stendi ya Moshi. Juzi abiria aliniuliza hadi Arusha ni masaa mangapi, nikamjibu, "Kama masaa mawili hivi, mama." Mzee aliyekaa kwenye benchi akadakia: hakuna neno masaa, kwa Waarabu masaa ni jioni! Mwenzangu naye husema "lisaa limoja na nusu". Nani anakosea?

JIBU: Marahaba. Mzee wako Kiarabu anakijua. "Masalkheri" tunayosalimiana imebeba hilo neno masaa, yaani jioni, na halina undugu na saa. Lakini abiria wako hakuuliza habari za jioni. Alichukua saa akaipachika ma- ya wingi, kama tulivyofanya kwa rafiki, neno la Kiarabu vilevile, tukapata marafiki ambao hakuna anayewakemea.

Kwa Kiswahili sanifu, saa imo katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi ni ile ile: saa hii, saa hizi. Kwenye mtihani au barua ya kazi andika "saa mbili", basi. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa: serikali ina Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ingawa mtaani wote tunasema madawa.

Ila naelewa ulimi wako unakimbilia wapi, maana saa imetwishwa mizigo mitatu. "Kaka kanunua saa mbili" ni za mkononi. "Kaka kafika saa mbili" ni wakati. "Kaka kasubiri saa mbili" ni muda, au ndipo alipoanza kusubiri? Yalinikuta hapo hapo Moshi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kondakta akaniambia, "Gari linatoka baada ya saa moja." Nikajua nina saa nzima, nikaenda kunywa chai. Chapati ya pili iko mkononi, nikaliona gari linaingia barabarani! Kumbe alimaanisha saa moja ikishagonga tu.

Anayesema masaa anaukwepa mtego huo. Sanifu nayo ina njia yake: "muda wa saa moja", na kwa safari, "mwendo wa saa mbili". Ungemjibu yule mama, "Ni mwendo wa saa mbili hivi," hata mzee angenyamaza.

Lisaa ni mtoto wa masaa, na li- yake ni ile ya lijitu na lijumba, ya kukuza kitu. Ndiyo maana linakaa vizuri mdomoni mwa aliyechoka kungoja: "Nimekaa hapa lisaa lizima!" Silipendi kwenye maandishi, lakini stendini silizuii.

Nisichokisamehe ni "masaa mbili", nacho nakisikia kila siku. Jina limepanda gari moja, hesabu imebaki kwenye jingine. Ukishasema masaa, sema mawili. Na mwenzako mwambie asije akaandika lisaa kwenye tiketi.