Maswali na Majibu: Ukungu kwenye Stroberi na Jamaa Zake

Swali: Nilichuma stroberi nzima kabisa jana jioni, lakini asubuhi nilikuta mbili zimeota manyoya ya kijivu. Ukungu huo umetoka wapi?

Jibu: Umekuja nazo kutoka shambani. Kuvu iitwayo Botrytis cinerea huingia tangu mmea ukiwa na maua, kisha hujibanza ndani ya tunda changa bila dalili yoyote mpaka tunda liive na kulainika. Ndiyo maana saa za mwanzo ni za thamani mno: chuma umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, weka kivulini, na katika muda wa saa moja anza kuzipoza kuelekea nyuzi 0 za Selsiasi. Hata kwenye baridi hiyo Botrytis hukua, ila kwa kujikongoja. Kuvu nyingine, Rhizopus, ambayo hulifanya tunda livuje maji, kwa kawaida husimama chini ya nyuzi 5 hivi.

Swali: Nizioshe kabla ya kuzitia kwenye friji?

Jibu: La. Zioshe unapotaka kuzila. Rasiberi ndizo zinazodhurika zaidi, kwa kuwa zikichumwa hubaki na uwazi katikati, na tone likituama humo halikauki upesi. Wanaosuuza kwa siki, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, hupunguza kuvu ya juu ya ngozi, lakini wengi hawazikaushi vizuri baadaye, na hapo, kwa maoni yangu, ni heri wasingezigusa.

Swali: Moja limeoza katikati ya kasha. Nitupe yote?

Jibu: Tupa lililooza na yaliyogusana nalo. Usikate kipande kibovu ukala kilichobaki, maana nyuzi za kuvu hupenya tunda laini kupita jicho linapoona.

Swali: Mzigo wangu husafiri kwa gari la baridi, lakini ukifika dukani huota ukungu siku hiyohiyo. Kwa nini?

Jibu: Kwanza, gari la baridi hutunza ubaridi uliokwishapatikana, halina nguvu ya kuondoa haraka joto la shambani, kwa hiyo choma kipimajoto katikati ya tunda kabla ya kupakia. Pili, tazama makasha yanaposhushwa: tunda baridi likikutana na hewa ya joto yenye unyevu hutoka jasho kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Kama haliwezi kubaki kwenye baridi hadi liuzwe, acha plastiki ya kufunikia mahali pake mpaka tunda lipate joto la chumba, ili jasho litande juu ya plastiki.