Damu kuganda na kinga ya mwili: majibu kwa maswali yenu

Nilijua damu huganda ili kuziba jeraha tu. Kinga inaingiaje hapo?

Inaingia mapema sana. Bakteria wakifika kwenye damu, monosaiti, ambazo ni aina ya seli nyeupe, huweka juu ya utando wake protini inayoanzisha mgando. Mwisho wa safari hiyo ni thrombini, kimeng'enya kinachogeuza faibrinojeni, protini iliyomo kwenye damu, kuwa nyuzi za faibrini. Neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo hutema DNA yake nje, ikatanda kama wavu. Wavu huo hunasa bakteria pamoja na chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazosaidia kugandisha, na mgando unaharakishwa. Mdudu anafungiwa pale alipo asisambae.

Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayovuruga mwili mzima) anawezaje kupata mabonge ya damu na huku anavuja damu?

Mgando umeenea mwili mzima. Vibonge vidogo huziba mishipa myembamba ya figo na mapafu, vikimaliza chembe sahani na protini za kugandisha kabla mwili haujazirudisha. Ndipo damu inapovuja kwenye fizi na palipochomwa sindano. Faibrinojeni isikudanganye: yaweza kusomeka kawaida kwa sababu maambukizi yenyewe huipandisha. Rudia vipimo, na maambukizi yatibiwe bila kuchelewa, maana ndiyo chanzo.

Baba yupo kwenye heparini tangu afanyiwe upasuaji. Siku ya 7 chembe sahani zimeshuka kutoka 240,000 hadi 90,000, na daktari ameisimamisha. Si ndiyo dawa ya kuzuia mabonge?

Daktari amefanya sawa kabisa. Huenda kinga ya baba imetengeneza kingamwili dhidi ya heparini iliyoshikana na protini ya chembe sahani iitwayo PF4. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani, kwa hiyo zinapungua huku mabonge yakiongezeka. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 5 na ya 10, zikishuka kwa nusu au zaidi. Kwa aliyewahi kupata heparini miezi michache nyuma, chembe sahani zinaweza kushuka ndani ya siku moja. Heparini yote isimame, hata ile ya kusafishia mrija wa mshipani. Kuisimamisha peke yake hakutoshi: anahitaji dawa nyingine ya kuzuia mgando, kama argatrobani. Warfarini, dawa ya vidonge ya kuzuia mgando, ingoje hadi chembe sahani zipande tena, kwa kawaida 150,000, kwani ikitangulia inaweza kuzidisha mabonge.

D-dimeri yangu (kipimo cha mabaki ya bonge la damu linalovunjwa) iko juu. Nina bonge?

Si lazima. Maambukizi, ujauzito na upasuaji huipandisha pia. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.