Kichwa cha minoo kwenye kijiko: majibu kwa wavuvi wa barafuni

Maziwa ya Minnesota na Dakota Kaskazini, huku Marekani, yakishaganda, maswali yenu huhamia kwenye chambo. Mengi safari hii yanahusu kijiko, kile kipande cha chuma kinachong'aa, chenye ndoana ya miiba mitatu, tunachokishusha kwenye tundu la barafu na kukichezesha juu chini. Yanahusu pia minoo, wale samaki wadogo wa chambo wanaouzwa wakiwa hai.

Shikamoo. Niko Duluth, nimetokea Mwanza, ambako sangara tulimtegea furu mzima aliye hai. Hapa naambiwa nitumie kichwa cha minoo peke yake. Kwa nini?

Marahaba. Furu wako alifanya kazi yote mwenyewe: alifurukuta kwenye ndoana, sangara akaja. Huku kazi hiyo hufanywa na chuma. Kijiko kikishuka huyumba na kumetameta mithili ya samaki aliyejeruhiwa, na wolai, yule samaki mla samaki tunayemwinda zaidi huku, husogea kutazama. Ukikitundikia minoo mzima, mwili na mkia wake hukizuia. Kitashuka wima bila kuyumba, na hapo hakina faida tena. Kichwa ni kidogo, hakisumbui mwendo, ila kina harufu na ladha ya kumfanya samaki aliyesogea aume.

Usikikate kwa kisu. Minya kwa kucha nyuma kidogo ya matamvua, uvute, ili utumbo kidogo ubaki ukining'inia. Huo ndio unaosambaza harufu majini. Kisha pitisha mwiba mmoja kutoka chini ya kidevu utokee utosini. Mfupa wa fuvu hushika kuliko nyama, kwa hiyo kichwa kitavumilia kugongwa mara nyingi. Miiba miwili iliyobaki iache wazi kabisa. Kichwa kikipauka na kulainika, weka kingine, usikionee huruma.

Dukani kuna minoo wa aina mbili, fatihedi na shaina. Nichukue yupi?

Kwa kijiko, fatihedi. Ni mgumu, hukaa hai siku nyingi kwenye maji baridi, na kichwa chake kipana hutulia vizuri kwenye ndoana. Wa inchi 2 hivi anatosha. Kwa pechi, samaki mdogo kuliko wolai, tafuta mdogo zaidi. Shaina wa zumaridi anang'aa sana, na wolai wa ziwa la Lake of the Woods wamezoea kumla, lakini hufa upesi. Ndiyo maana wavuvi wengi wa huko hutumia waliogandishwa, nao kwa kazi ya kichwa wanafaa kabisa.

Kaka, kwenye skrini ya sona, kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji, namwona samaki anapanda hadi kwenye kijiko, anasimama, kisha anaenda zake. Nakosea wapi?

Nadhani mkono wako hautulii. Kuchezesha humwita samaki, lakini mara nyingi huuma chuma kikiwa kimetulia. Inua futi moja, kiache kianguke, kisha ngoja sekunde kadhaa. Akishakaribia, usiinue tena kwa nguvu. Tikisa ncha ya fimbo kidogo tu, kiasi cha kichwa kutetemeka, au kipandishe polepole akifuate. Akigoma bado, punguza kila kitu: kijiko kitoke uzito wa robo aunsi kiende moja ya nane, na kichwa kiwe kidogo.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi. Minnesota inaruhusu mishipi miwili wakati wa barafu. Wa pili utege kwenye tundu la jirani ukiwa na minoo hai, ndoana moja iliyopita juujuu kwenye ngozi ya mgongo, aogelee futi moja hivi kutoka chini ya ziwa. Kijiko kinamwita wolai, yule aliye hai anamaliza maneno. Jaribu jua linapozama: macho ya wolai huona vizuri kwenye mwanga hafifu, na saa hiyo hutoka kuwinda.

Kijiko cha rangi gani?

Maji ya kahawia, dhahabu. Maji maangavu, fedha. Usiku, kile kinachong'aa gizani.

Je, dagaa wa duka la Kiafrika hawawezi kuwa chambo?

Swali zuri, maana dagaa wa Ziwa Victoria ni ndugu wa mbali wa minoo (wa Kigoma ni wa ukoo wa sardini). Tatizo ni kwamba dagaa mkavu huvunjika akipitishwa ndoana. Isitoshe, sheria za chambo cha samaki kutoka nje ni kali huku. Nunua minoo wa hapo hapo.

Jioni hubaki minoo kumi. Nikiwamwaga tunduni, si nawaokoa?

Hapana, nakuomba sana. Mwaka 2005 virusi vya VHS, ugonjwa wa samaki, viligunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, vikaua samaki kwa wingi, na minoo wa ndoo moja wanaweza kuvibeba kwenda ziwa jingine. Maji nayo hubeba kome wachanga wasioonekana kwa macho. Minnesota imekataza kumwaga minoo ziwani, na maji ya ziwa lazima yatolewe kwenye ndoo kabla ya kuondoka. Ukitaka kuwatunza kwa kesho, njoo na maji ya nyumbani yaliyotolewa klorini, kwa sababu klorini huwaua. Usipowahitaji, wafunge kwenye mfuko uwatupe kwenye pipa la taka.